Skrini Kubwa, Kadi Ndogo

Jumamosi, Machi 1

Fundi wa kompyuta kaniambia kwenye simu: "Mama, andika kila siku mashine inafanya nini. Ukiniletea hadithi za kichwani sitakusaidia." Basi naandika.

Leo mashine imefanya hivi: imewaka vizuri, imeonyesha picha kubwa ajabu kwenye skrini mpya, kisha picha ikaanza kukwama. Inakwenda, inasimama, inaruka, inakwenda tena. Hayo ndiyo ya mashine. Ya nyumbani hakuniuliza, lakini kalamu ninayo tayari.

Skrini kaichagua shemeji, mdogo wake Baba Kinda, mume wangu, kwa sababu yeye anajua kila kitu. Daktari wa macho alishasema jicho la kushoto la Baba Kinda halitarudi, na la kulia linataka vitu vikubwa na vyenye mwanga. Kwenye skrini ya zamani mzee alikuwa anasogea mpaka pua inagusa kioo. Hii mpya imekula nusu ya ukuta wa chumba changu cha kushonea. Imebidi tuhamishe hata ile picha ya lori lake la zamani, iliyopigwa kwa nyuma, yenye maneno NYUMBANI WANANINGOJA. Herufi zile nilizikata mimi kwenye karatasi ya paterni, na binti yetu Kinda, akiwa bado hajaanza shule, ndiye aliyenishikia ncha ya karatasi.

Baba Kinda kaendesha malori maisha yake yote. Alipostaafu, shemeji akamletea mchezo wa kuendesha malori kwenye kompyuta, na usukani wa plastiki unaobanwa kwenye ukingo wa meza yangu ya kukatia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa sicheki. Kila Jumamosi saa tisa alasiri Kinda anaingia kwenye mchezo huohuo, kutoka huko mbali anakofanya kazi, na wanaendesha pamoja, lori lake mbele, la baba yake nyuma. Kwa simu hawaongei. Alipomaliza masomo akaamua kubaki huko, na baba yake akazipata habari kwa kinyozi, ndevu zikiwa nusu. Akasema, "Basi akae hukohuko." Kinda akakaa. Lakini mchezoni wanaongea, ingawa ni ya barabara tu. Yeye anamwita baba yake "dereva", na baba anamwita binti yake "wewe wa mbele". Mimi nashona, nasikiliza. Saa hiyo moja ndiyo tuliyobakiwa nayo kama familia, na nisiifiche: naitegemea kuliko dawa zangu za presha.

Leo picha ilipokwama, lori la Kinda likapotelea kwenye kona na mzee akaingia mtaroni. Akavua miwani. "Mchezo wenyewe wa kitoto," akasema. Nimeogopa.

Jumatatu, Machi 3

Fundi amekuja. Kaangalia dakika moja akatoa hukumu: "Skrini kubwa, kadi ndogo."

Kadi gani? Akafungua ubavu wa kompyuta akanionyesha kibamba chenye feni moja, kimejaa vumbi la nyuzi zangu. "Hii ndiyo kadi ya picha. Kila unachokiona hapo, hii ndiyo inakichora, nukta kwa nukta, tena mara nyingi kila sekunde. Skrini mpya ina nukta mara nne ya ile ya zamani. Mchoraji ni yuleyule."

Hapo nilimwelewa. Ni kama kumpa mshonaji mmoja sare za shule nzima na kumwambia unazitaka jioni. Yaliyofuata hapo, sikuelewa hata moja. Kwa muda kampunguzia mchoraji kazi: skrini ni kubwa vilevile, lakini anachora nukta chache na kuzivuta zijae. Picha sasa inateleza. Ila ina ukungu.

Jumanne, Machi 4

Mvua. Mashine haikuwashwa.

Jumamosi, Machi 8

Haikukwama hata mara moja. Lakini mzee hasomi kitu. Vibao vya barabarani vinamfikia vikiwa madoa.

"Wewe wa mbele, hapo pameandikwa nini?"

"Kulia, dereva. Tunashika kulia."

"Nimeshapita."

"Geuza basi, nakusubiri."

Amegeuza, wamekutana, wameondoka tena. Nikauliza, sindano mdomoni, "Nyuma ya lori lake kuna nini pale, peupe peupe?"

"Matope."

"Matope meupe?"

"Mama Kinda, shona."

Baada ya mchezo kaanza manung'uniko yake. "Hata mchezoni lazima atangulie. Nikimwambia akae nyuma yangu hataki. Kiburi kilekile." Kweli, nimekumbuka, hajawahi kumkubalia baba yake apite mbele. Mtoto huyu kachukua ukaidi wote wa ukoo wa baba yake, hakumwachia mtu.

Jumatatu, Machi 10

Nimempigia Kinda. Nikamweleza habari ya kadi, akacheka, akasema tusihangaike. Kisha akauliza, "Anaona lori langu, Mama?"

"Anaona. Jekundu."

"Vizuri?"

"Mwanangu, hatakugonga, usiogope."

Akasema zamu yake inaanza.

Alhamisi, Machi 13

Shemeji amekuja na mwavuli na ushauri. Anataka kadi kubwa kuliko zote dukani. "Shemeji, hiyo ndiyo baba lao. Ukiiweka hiyo, mpaka wajukuu watachezea."

Wajukuu gani? Nikamuuliza kwa nini hiyo na si nyingine. Akasema kwa sababu ina feni tatu. Mimi nina pasi tatu na sijawahi kunyoosha shati moja kwa tatu.

Jumamosi, Machi 15

Umeme hakuna tangu asubuhi. Saa tisa Baba Kinda alikaa mbele ya skrini nyeusi, mikono kwenye usukani. Nilijifanya natafuta kifungo sakafuni.

Jumanne, Machi 18

Nimekwenda dukani na shemeji. Laiti ningebaki nyumbani.

Kwanza majina. Kadi zote zina namba, na mtu mwenye akili angedhani namba kubwa ndiyo kadi kubwa. Hapana. Muuzaji kanionyesha yenye namba kubwa akasema hii ni dhaifu, ya namba ndogo ina nguvu zaidi, ila hii dhaifu ni ya juzi na ile ya nguvu ni ya zamani. Halafu kuna mbili zina namba ileile, moja ina mkia wa herufi na nyingine haina, na hazilingani hata kidogo. Halafu kuna kumbukumbu ya kadi, ambayo si ile kumbukumbu ya kompyuta. Nikauliza, "Kwa hiyo ipi ni nzuri?"

"Inategemea, Mama."

"Inategemea nini?"

"Unataka ichore mara ngapi kwa sekunde?"

Nimeshona miaka yote hii, hajawahi kuja mteja nikamuuliza anataka sindano ipite mara ngapi. Namuuliza anakwenda wapi na nguo hiyo. Shemeji akadakia, "Nyingi! Mara nyingi iwezekanavyo!" Nikamvuta shati tukatoka. Njiani tumelowa wote wawili chini ya mwavuli mmoja, yeye bado anahubiri feni tatu.

Jumatano, Machi 19

Kitu kimoja nimekielewa leo, na nimekielewa mwenyewe. Nilimwomba muuzaji kwa simu urefu wa ile kadi ya feni tatu, nikachukua futi yangu, nikapima ndani ya boksi la kompyuta. Haiingii! Inagonga ukuta wa mbele kabla haijafika nusu ya safari yake. Fundi akaongeza kwamba hata ingeingia, kile kiboksi kinachogawa umeme mle ndani hakiwezi kuilisha.

Shemeji alipoambiwa akasema tutakata boksi kidogo kwa msumeno. Nimemwekea chai akanywa akaenda zake.

Jumamosi, Machi 22

Leo sina raha kabisa.

Baba Kinda kachoka na ukungu. Asubuhi kamwambia fundi kwa simu amrudishie nukta zote, ati heri ikwame lakini aone. Fundi kamwelekeza pa kubonyeza, picha ikarudi kali. Saa tisa wakaondoka, lori jekundu mbali mbele.

Kwanza ilikwenda. Barabara ilikuwa tupu, milima pande zote, nikaona hata nyasi. Nikasema moyoni, afadhali. Kisha wakaingia mjini na mchoraji wetu akazidiwa. Picha ikasimama, mzee akakata usukani kufuata kona aliyoiona, picha ikaruka na kona ikawa imeshapita. Akarudisha. Ikasimama tena. Macho yanamwambia anasimama, mikono inamwambia anakwenda. Niliona jasho likimtoka shingoni.

"Dereva, upo?" Kinda anauliza kwenye spika.

Mzee anahangaika na usukani.

"Dereva? Punguza, niko mbele yako kidogo tu. Unaniona?"

"Sikuoni," akasema. "Sikuoni wewe, sioni barabara, sioni chochote." Akainuka kwa kasi, kiti kikaanguka, akatoka barazani akatapika.

Nilimfuata na maji. Akasukutua, akakaa kwenye ngazi, mvua ikimrushia miguuni, wala hakujisogeza. Nikamwambia tutapata kadi nyingine, fundi anashughulikia. Akasema, "Mama Kinda, mtu akishindwa kuendesha lori la kuchora, ana nini tena? Mwambie huyo wa mbele nimestaafu. Safari hii kweli."

Niliporudi ndani lori la Kinda lilikuwa limesimama kando ya barabara, taa za hatari zinawaka na kuzima. Amemsubiri. Sijui hata kubonyeza pa kuongea. Nimekaa naangalia zile taa mpaka mchezo wenyewe ukajifunga.

Nimewakasirikia wote. Nimemkasirikia mzee kwa maneno aliyoyasema kwa kinyozi, nimemkasirikia mtoto kwa kuyabeba mpaka leo, na nimekasirika zaidi kwamba familia yangu inaning'inia kwenye kibamba chenye feni moja.

Jumatatu, Machi 24

Kinda kapiga mwenyewe. Nimemwambia alivyosema baba yake.

"Mama, siku ile, kabla hajaondoka, aliona lori langu? Nyuma yake?"

"Kinda, hilo swali lako la lori silielewi. Mzee kaumwa, wewe unaniuliza lori."

"Basi, Mama. Pole. Mpe pole."

Namsikia mtu mzima, lakini analia kama alivyokuwa akilia mdogo, puani. Nimechanganyikiwa tu.

Alhamisi, Machi 27

Fundi na shemeji wamekutana chumbani kwangu na kugombana juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja. Shemeji anataka tununue boksi jipya, kiboksi kipya cha umeme na ile baba lao. Fundi anasema shemeji anaongea vitu vya kwenye simu. Shemeji anasema fundi anataka kutupa kadi iliyomkalia dukani. Hapo nikapiga mkasi mezani.

Nikamuuliza fundi kama ninavyomuuliza mteja. "Mzee ana jicho moja. Anaendesha lori, hakimbizani na mtu. Anataka kusoma kibao kabla hajakipita, na asitapike. Ipi?"

Fundi kajikuna kichwa. Naye amekuwa akizizungusha namba zilezile mwezi mzima, nimemwona. "Kumbe ndiyo hiyo kazi," akasema. "Mimi nilikuwa nahesabu kama kwa vijana wa kupigana risasi, wanaotaka ichore mara mia na zaidi kila sekunde. Lori halihitaji hayo. Lori linataka kadi yenye kumbukumbu ya kutosha kubeba picha kali, kasi ya wastani, isipepese." Akachagua ya katikati, feni mbili. Nimepima, inaingia, inabaki nafasi ya vidole viwili.

Shemeji akasema hata yeye alikuwa anaelekea hukohuko.

Jumamosi, Machi 29

Kadi haijafika. Mzee amelala mchana kutwa, au amejifunika tu. Saa tisa sikuwasha kitu.

Jumatano, Aprili 2

Imefungwa! Fundi kaiwasha, kaijaribu kwa dakika chache. Sikumwita Baba Kinda. Alikuja mwenyewe, ati anatafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni. Akasimama mlangoni. Kwenye skrini kulikuwa na kibao cha barabara, kiko mbali kabisa, na akakisoma kwa sauti, mji na kilomita, neno kwa neno. Kisha akauliza kama Jumamosi itanyesha.

Nilifurahi hata nikafanya jambo la maana. Kadi mpya, na chumba kimejaa vumbi la nyuzi. Nilishashona vifuniko vya redio, vya televisheni, hata vya mtungi wa maji. Nimekaa nikaishonea kompyuta koti. Bitana ndani, sponji katikati, kwa juu maua, limebana boksi bila mkunjo hata mmoja. Nimeliachia tundu la nyaya tu.

Jumamosi, Aprili 5

Imezima. Wamekwenda kidogo, hata hajamfikia Kinda, skrini ikawa nyeusi. Tukawasha. Ikazima. Tukawasha. Feni zikalia kwa nguvu, ikazima. Baba Kinda hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kakunja miwani akasema, "Haikuandikwa."

Shemeji kafika ndani ya nusu saa, sijui nani alimwita. "Niliwaambia! Feni mbili!" Nikampigia fundi nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita tapeli. Nilimwambia mzee wa watu karudi kitandani kwa ajili yake.

Jumatatu, Aprili 7

Fundi kaja, uso umefunga. Alisimama mlangoni, akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akaangalia tena kompyuta.

"Mama. Hili ni nini?"

"Koti. La vumbi."

"Huwa unalivua inapowaka?"

"Nilivue vumbi liingie?"

Akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa. Nilidhani anaumwa. Anacheka, hana sauti. Akaiwasha kwa muda mfupi tu, akanishika mkono akauweka juu ya koti langu la maua, na tayari lilikuwa na joto. "Mama, umeifunika blanketi halafu unaiambia ipande mlima. Ilizima ili isiungue."

Nimemwomba radhi. Nimemwomba radhi mara mbili, ya pili ni ya lile neno tapeli. Akasafisha vumbi lote, akasogeza kompyuta mbali na cherehani. Koti kaomba alichukue, akawaonyeshe wenzake. Nimekataa. Shemeji asije akasikia haya.

Jumamosi, Aprili 12

Mvua ilikuwa imepumzika. Saa tisa Baba Kinda kakaa, kafuta miwani kwa kitambaa changu cha hariri, sikusema kitu.

"Upo, dereva?"

"Nipo. Twende."

Mashine haikukwama, haikuzima. Barabara ilikuwa ndefu na safi, majani ya miti yanahesabika. Lori jekundu lilikuwa mbali mbele, dogo. Mzee akakanyaga mafuta. "Mbona leo unakimbia, wewe wa mbele?"

"Sikimbii. Nifikie basi."

Akasogea. Mimi nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nilisikia mguu wake ukiachia mafuta. Nikainua macho.

Yale matope meupe yalikuwa herufi. Nyuma ya lori la Kinda, kutoka mlango hadi mlango, herufi nene zenye mikia mifupi, zilezile nilizozikata mimi, kazikumbuka hadi kona zake. NYUMBANI WANANINGOJA.

Baba Kinda aliyasoma polepole, kwa sauti. Akaliweka lori kando ya barabara na kuzima injini. Mbele, lile jekundu nalo likasimama.

"Hayo maneno," akasema, "yapo hapo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, dereva."

"Siku ya kwanza?"

"Ndiyo maana natangulia. Nilidhani umeyasoma. Kila wiki nadhani umeyasoma na umeamua kunyamaza."

Mikono yake ilitoka kwenye usukani. Nimemjua mtu huyu tangu nywele zake ni nyeusi, na sikujua atasema nini.

"Nilikuwa sioni," akasema. "Kinda. Baba yako alikuwa haoni."

Hakuwa amemwita mtoto kwa jina lake tangu siku ile ya kinyozi.

"Ni kweli yaliyoandikwa hapo," akasema. "Tunakungoja."

Na mvua, isiyo na adabu, ikachagua dakika hiyo hiyo kushuka juu ya mabati. Niliona spika inatetemeka, nikajua mtoto anaongea, sikusikia hata silabi. Mzee kainamisha kichwa mpaka sikio limegusa spika, anaitikia, "Ee. Ee. Ee," machozi yanapita chini ya miwani, hata hayafuti.

Jumapili, Aprili 13

Nimevumilia mpaka chai ya asubuhi. "Jana mvua iliponyesha, Kinda alisema nini?"

Baba Kinda kakoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Aliniuliza atalala wapi. Ati chumba chake si ulishakifanya cha kushonea?"

Nimeinuka sikumaliza chai. Cherehani inahamia sebuleni leo, na shemeji anakuja kutubebea meza. Nimepima ukuta kwa futi: kitanda kinaenea chini ya skrini, usukani tutaubana kwenye kimeza cha pembeni. Lile koti la maua nimelifumua. Linatosha foronya mbili.